Seli Nyeupe za Mama Njoki

Vijana wa maabara mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sababu tangu nistaafu sina mtu wa kugombeza asubuhi isipokuwa kuku. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya damu, maana ndiyo niliyoiangalia miaka yote hiyo, na hasa damu ya mtu mmoja, mpishi wetu, kwa sababu kwake ndipo nilipokosea na kwake ndipo nilipojifunza kazi.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya tisini, hospitali ndogo ya kanisa kwenye vilima vya upande wa Othaya, majani chai kila mahali na ukungu ambao mwezi wa saba hauondoki hadi saa tano. Nilikuwa nimetoka chuo juzi, koti jeupe limepigwa pasi na mama yangu. Maabara ilikuwa chumba kimoja, dirisha moja na hadubini moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama kiti cha sebuleni. Mkuu wake alikuwa Mzee Githinji, mrefu, mkimya, mwenye sweta chini ya koti mwaka mzima. Aliangalia koti langu, akaangalia viatu vyangu vya kisigino, akasema, "Wairimu, hapa tunasimama. Kesho uje na viatu vya mtu anayesimama."

Siku hiyo hakuniruhusu kugusa damu. Alinipa vioo nivioshe, nikaviosha, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha kimoja kimoja, akanirudishia vyote. Nikaviosha tena. Jioni alikubali vinne. Nilirudi nyumbani nikilia, na mama akaniambia kama nataka kazi ya kusifiwa nikaimbe kwaya.

Ninyi leo mnaweka chupa kwenye mashine, inakohoa kidogo, inawapa karatasi. Sisi tulihesabu kwa macho. Damu ilichanganywa na dawa ya kuua seli nyekundu, ikawekwa kwenye kioo chenye miraba midogo, nasi tukahesabu seli nyeupe mraba kwa mraba. Hizo ndizo askari wa mwili: ugonjwa ukiingia zinaongezeka. Halafu tulipaka tone jingine kwenye kioo, tukalitia rangi, tukahesabu seli mia moja kujua ni za aina gani. Kwa hesabu hiyo kulikuwa na kikebe cha vibonyezo kilicholia kengele ukifika mia. Wiki yangu ya tatu kengele ilikufa, na vibonyezo vikaifuata.

Mzee Githinji hakushtuka. Alinituma jikoni.

Ndivyo nilivyokutana na Mama Njoki. Alikuwa mpishi mkuu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene wa kujaza mlango, na aliujua unene wake na kuupenda. Aliwahi kusema mbele yangu kwamba mpishi mwembamba ni mwongo. Nilimsalimia kwa heshima zote nikamwambia Mzee anaomba punje mia za mahindi, njahi mia, yale maharagwe meusi ya kwetu, na maharagwe mekundu kidogo.

"Mahindi mia moja? Ati mia, ya kuhesabu?" Akaweka mwiko chini. "Haiya! Kwani huko mnapikia panya?"

Alihesabu mwenyewe, akacheka hadi machozi, na juu yake akaniongezea kiazi kitamu cha moto, akasema nimekonda sana kwa mtu aliyesoma. Tangu siku hiyo seli moja ya aina ya kwanza ilikuwa punje ya mahindi, ya pili njahi, na zilizobaki maharagwe. Jicho kwenye hadubini, mkono kwenye sahani. Mtu akituchungulia dirishani angedhani tunachambua mahindi na maharagwe ya githeri. Kikebe kipya kilikuja baada ya miaka miwili, na Mzee akakifungia kabatini. Alisema vidole vyake vimeshazoea.

Mzee alikuwa na sheria yake: kila mfanyakazi wa jikoni apimwe damu yote kila miezi sita, na matokeo yaandikwe kwenye daftari moja kubwa. Wapishi walilalamika. Mama Njoki hakulalamika, alipenda kuja kukaa kwenye kiti chetu na kutuletea habari za wadi. Lakini damu yake ilinisumbua. Watu wetu wa huku wengi wana seli nyeupe elfu nne au tano, wakizidi sana sita. Mama Njoki alikuwa na elfu kumi. Hana homa, hana minyoo, hana jipu. Miezi sita baadaye, elfu kumi na nusu. Tena, kumi. Miaka ile ukiwa na seli nyingi na mwili mzito uliandikiwa taifodi, hakuna aliyekosa taifodi, na yeye akaandikiwa mara tatu. Alimeza dawa zote, na seli zikabaki palepale.

Siku moja nikitafuta jina la mtu nilifungua daftari upande wa nyuma, nikaona orodha ya Mzee mwenyewe. Watu kumi na kitu, wote seli nyeupe zao ziko juu bila sababu. Nikasoma majina: mwenye duka la vitambaa, mke wa chifu, mwalimu wa kwaya. Nikawaona kichwani mmoja mmoja wakipita barabarani.

"Mzee," nikasema, "hawa wote ni watu wanene."

"Umechukua miaka miwili kuona," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nilichukua sita."

"Ni kwa nini?"

"Sijui. Ningejua ningeandika mbele."

Sasa kosa langu. Msiliharakie, mlisome polepole.

Mama Njoki alianza kunywa maji sana na kukojoa sana, na daktari akaagiza apimwe sukari asubuhi kabla ya kula. Alikuja saa mbili. Nikapima: kumi na mbili, wakati mtu aliyefunga hatakiwi kupita sita. Nikamuuliza, "Mama, umekula?"

"Sijakula. Nimekunywa chai tu."

Mtu wa kwetu ataelewa. Kwetu chai si chakula. Mtu atakunywa vikombe vitatu vya maziwa matupu, kijiko cha sukari kikisimama ndani, na mkate juu yake, halafu aape kanisani kwamba tangu jana hajatia kitu mdomoni. Nusu ya wagonjwa waliokuja kupimwa sukari walikuwa wamekunywa chai. Nilicheka, naye akacheka, nikaandika: hakufunga, arudie. Nikampa karatasi.

Chuoni nilifundishwa kwamba mwili wenye afya ukinywa chai unaimaliza ile sukari, haufiki kumi na mbili. Nililijua hilo vizuri. Lakini niliwajua watu wangu na chai yao vizuri zaidi, na ujuzi mmoja ukafunika mwingine. Hakurudi. Jikoni kulikuwa na kazi, na mimi sikumfuata, ingawa jiko liko hatua hamsini kutoka mlangoni petu na nilikula huko kila siku. Ukapita mwaka na zaidi.

Kisha mchana mmoja alivua gamubuti, buti lake la mpira, baada ya kazi, na kisoda cha chupa kikaanguka. Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi, labda tangu jana, asisikie kitu. Ukali wake ulikuwa umeula mguu chini ya kidole kidogo. Alipaka mafuta ya mgando, akafunga kitambaa, akaendelea kupika kwa wiki mbili. Walipomlaza wadini kidole kilikuwa cheusi na mguu umevimba hadi kifundo. Sukari ilikuwa ishirini na sita. Niliipima mwenyewe, mara mbili.

Daktari wa upasuaji alitoka Nyeri mjini kila Alhamisi. Alikuwa mtu wa haraka, si mtu mbaya, na alikuwa na wagonjwa wa siku saba wa kumaliza kwa siku moja. Aliutazama mguu, akaitazama karatasi yangu: seli nyeupe elfu kumi na moja. "Kwa mtu wa huku hii ni moto," akasema. "Sumu imeshaingia kwenye damu. Tunakata chini ya goti leo saa nane."

Mama Njoki hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na nitapika nimekaa?"

Nilitoka wadini nikikimbia, kitu ambacho Mzee alikikataza kabisa. Nikamwambia yote, pamoja na habari ya chai. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua kioo cha damu ya asubuhi, akakaa, akavuta sahani ya mahindi. Alikuwa akitafuta seli changa, zile ambazo mwili huzitupa vitani kabla hazijakomaa wakati ugonjwa unashinda. Nilisimama nyuma yake nikisikia punje zikigonga sahani. Katika mia alipata mbili.

Akafunga daftari kubwa, akanipa. "Nenda."

"Mzee, nenda wewe. Atakusikiliza wewe."

"Aliyehesabu ni wewe. Aliyekosa ni wewe. Mimi niende kama nani?"

Nilimkuta daktari nje ya chumba cha upasuaji akinawa. "Daktari, samahani."

"Ndiyo, sista."

"Mimi si sista. Mimi ni wa maabara." Nikamshikia daftari mbele ya uso maana mikono yake ilikuwa na maji. "Hii elfu kumi na moja si ya leo. Tazama. Amekuwa na kumi, kumi na nusu, kumi, kumi na moja, miaka minne, kabla hajapata kidonda chochote. Hii ndiyo hali yake. Na seli changa karibu hakuna."

Alisoma mstari kwa mstari, maji yakimdondoka kwenye viwiko. Nilingoja anifukuze. Akauliza nani ameangalia zile changa, nikataja jina la Mzee. Kisha alirudi wadini mikono ikiwa bado na maji, akatafuta mshipa juu ya unyayo wa Mama Njoki, akausikiliza kwa kidole muda mrefu. Akainama akanusa kidonda.

"Daftari peke yake haliokoi mguu," akasema hatimaye. "Lakini mshipa unapiga, na homa hana. Kidole kinaenda leo. Mguu naupa wiki moja. Sindano za insulini, kidonda kisafishwe mara mbili kwa siku. Homa ikipanda, mnipigie simu, na msinipigie kunisomea historia."

Wiki hiyo nilimtoa damu kila asubuhi. Siku ya tatu nilishindwa kuficha, nikaketi pembeni ya kitanda nikamwambia: ile sukari ya kwanza niliiona, nikaiacha kwa sababu ya chai.

Alijiinua kwa kiwiko. "Si ulinipa karatasi ya kurudi?"

"Nilikupa."

"Hiyo karatasi nilifungia chumvi." Akageuza uso ukutani. "Basi tumekosa wawili, mwanangu. Lakini mguu ni yangu peke yangu."

Nililia pale pale, na yeye ndiye aliyenibembeleza, na bado ninaona aibu. Ninyi mtakosea pia. Mkikosea, mwende mkamwambie mwenye damu, mdomo kwa sikio, hata kama atawageuzia mgongo.

Alhamisi ikafika. Seli elfu kumi na nusu. Uvimbe umeshuka, nyama nyekundu inaota pale kidole kilipokuwa. Daktari alibonyeza hapa na pale, akasema mguu utabaki, wadi nzima ikapiga makofi, na mwanamke mmoja wa kitanda cha dirishani akapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, mara tano kama mtoto wa kiume amezaliwa. Daktari akainua mkono. Akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameketi.

"Mama, sikiliza. Ukirudi ulivyokuwa, nitaukata mwakani. Haya mafuta ya tumboni hayalali kama gunia kwenye ghala. Yanaita. Yanautumia mwili ujumbe kwamba kuna vita, na askari wanaamka, ndiyo maana huyu msichana anawahesabu wengi kila mara. Hakuna adui, lakini wamekaa macho, na fujo yao inazuia insulini isifanye kazi. Huko nje ndiyo kwanza wanaanza kuyaandika mambo haya. Unapaswa upungue."

Miaka iliyofuata watafiti walikuja kutuambia kwamba askari wale huhamia hata ndani ya mafuta yenyewe na kupiga kambi humo. Mzee alipoisoma habari hiyo alisema tu, "Ahaa," akaenda kunywa maji. Orodha yake ya nyuma ya daftari ilikuwa na umri wa miaka kumi na zaidi.

Lakini siku ile Mama Njoki hakusikia habari ya askari. Alisikia neno moja. "Nipungue? Nikonde?" Na wanawake waliokuwa wakipiga makofi wakatazamana.

Lazima niwaeleze ninyi mliozaliwa baadaye. Miaka ile kukonda kulikuwa na maana moja tu. Tulizika karibu kila Jumamosi. Nguo zikimlegea mtu, majirani walianza kutenga vikombe. Na huyu alikuwa mpishi.

Alijitahidi, nitamsifu mpaka nife. Alipunguza sahani, akaacha sukari kwenye chai, akawa anapanda kilima kwa miguu hadi kanisani. Katika miezi minane sketi zake zilihitaji pini mbili. Ndipo maneno yakaanza. Kwanza jamaa za wagonjwa walianza kuleta chakula kutoka nyumbani. Halafu wauguzi wetu wenyewe, watu waliosoma, wakawa na chapati kwenye mikoba. Sufuria zilirudi jikoni zimejaa. Alikuja akapimwa ukimwi kwetu, na hakuwa nao, lakini karatasi ya namna hiyo utaibandika ukuta gani?

Mchana mmoja aliingia maabara akaketi kwenye kiti chake bila kuongea habari za mtu yeyote. "Wairimu, nimechoka. Kutoka kesho niko na sahani yangu kubwa. Afadhali wanikate mguu kuliko wanikate jina."

Mzee akasema, "Kaa hapo. Kwanza tuhesabu."

Nilihesabu. Elfu sita na mia mbili. Nikahesabu tena. Mzee akanisukuma kando akahesabu yeye, akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole ukurasa mzima kutoka juu hadi chini. Namba hiyo haikuwepo popote. Akaweka kioo kilichotiwa rangi, akamwita Mama Njoki aangalie, Mzee huyohuyo aliyeninyima hadubini wiki mbili nzima.

"Hizo za zambarau?" akauliza.

"Hizo."

"Ndizo zilikuwa zinakasirika?"

"Ndizo. Sasa zimetulia."

Alikaa pale jicho moja limefungwa, midomo ikisogea, nadhani alikuwa akizihesabu. Kisha alifunga kitambaa chake cha kichwa akatoka.

Kesho yake saa saba tulikwenda kula. Alikuwa amepika mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, na nyama kidogo. Foleni ilikuwa ya watu watatu: Mzee, mimi na mlinzi wa lango. Mezani walikaa wengine kumi na zaidi na vyakula vyao vya nyumbani kwenye mikebe, wakiongozwa na sista mkuu wa wadi ya wanawake. Mama Njoki aliweka mwiko chini. Akazunguka meza, akavuta benchi katikati ya chumba, akapandisha mguu wa kulia juu yake. Akavua gamubuti. Akavua soksi.

"Tazameni," akasema. "Vidole nne. Hii ni sukari. Si ile mnasema. Na hata kama ingekuwa ile mnasema, nyinyi ni wauguzi, mnajua haipiti kwa sufuria. Mwenye iko nayo naye anatakiwa kula na watu." Akausogeza mguu mbele juu ya benchi. "Mimi nimekonda kwa sababu nataka kusimama. Na bado nitakonda. Anayeogopa chakula yangu aende, lakini asiseme ati hakuambiwa."

Alivaa soksi bila haraka, akavaa gamubuti, akaenda kwenye bomba akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, sisi wote tukisikiliza maji. Akarudi nyuma ya sufuria, akashika mwiko.

"Ni nani alikuwa mbele?"

Mzee Githinji alikuwa mbele. Lakini sista mkuu alisimama, akafunga mkebe wake, akachukua sahani, na Mzee, ambaye sijamwona akimpisha mtu tena maishani, akarudi nyuma hatua moja. Sista alinyoosha sahani kwa mikono miwili, macho chini, mashavu yamelowa machozi. Na Mama Njoki akampakulia, akiwa amesimama kwa miguu yake yote miwili.